Mwanamke wa Ngazi za Benki

Jumapili, 4 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini u mzima na cherehani nayo ni nzima. Mimi mzima, ila nyayo zinawaka moto kwa kusimama.

Umesema spika ya simu yako imekufa, kwa hiyo tuandikiane barua na tuzipitishe kwa kondakta wa lile basi la saa tisa. Sawa. Ila najua sababu ya kweli: kwenye simu nakumaliza maneno, hupati zamu. Haya, leo zamu yote ni yako, soma upendavyo.

Mwalimu wetu wa mipango miji amelipatia kila kundi eneo moja la wazi hapa mjini. Wiki mbili za kwanza ni za kuangalia tu, bila kuchora hata mstari. Baada ya hapo tunaendelea kuangalia huku tukilichora upya. Michoro itakwenda mbele ya watu wa halmashauri, na safari hii si mazoezi ya darasani: mchoro utakaowapendeza utajengwa kweli. Usiku silali, shangazi, nikiwaza hilo.

Sisi tumepewa kiwanja cha pembe tatu kati ya hospitali kuu, benki na kituo cha mabasi. Hukijui, maana hujakanyaga huku tangu uliponileta chuoni na lile sanduku lako la bati. Kundi letu ni mimi na kijana tunayemwita Mrefu, na ukimwona huulizi kwa nini. Mimi nakaa kiwanjani Jumatatu hadi Jumatano, yeye Alhamisi na Ijumaa. Kila robo saa tunatia alama kwenye ramani: nukta kwa aliyekaa, msalaba kwa aliyesimama, mstari kwa anayepita.

Nilichogundua hadi sasa ni kwamba nukta hakuna. Kuna benchi moja tu, nalo limeng'oka mbao mbili. Benki imepachika vyuma vyenye ncha juu ya ukuta wake mfupi ili watu wasikae. Watu wanapita kama wanafukuzwa. Mimi tayari nakiona kilivyo kichwani: bwawa dogo katikati, kokoto nyeupe, majani ya kijani. Mahali pa kupumzisha macho. Usimwambie mwalimu kwamba nimeanza kuchora.

Wako,
Chiriku


Jumamosi, 10 Februari

Chiriku wangu,

Marahaba. Nimefurahi kukusoma, ingawa hata kwenye karatasi unaongea bila kupumua.

Mimi sijambo. Nina magauni ya wasimamizi sita wa harusi, na kila mmoja amenivuta pembeni kuniomba nimbane kiuno zaidi ya wenzake. Nikiwatii wote, siku hiyo hakuna atakayekula.

Kuhusu bwawa lako. Mteja akija kwangu sianzi na kitambaa, naanza na kumpima. Wewe umeshanunua kitambaa, umeshakata, ndipo unatafuta mtu wa kumvika. Hebu niambie: anayetoka hospitali akiwa hana nguvu, anakaa wapi kusubiri basi? Anakaa juu ya maji?

Ule mtindo wako wa kunywa chai bila kula uache.

Shangazi yako


Jumapili, 18 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Swali lako nimelipeleka kwa Mrefu, akacheka, kisha akanipa karatasi zake za Alhamisi. Nakunakilia sehemu moja, maana tumeibishania siku tatu nzima:

"Saa 6:20. Mwanamke, hamsini na kitu, kitambaa cha zambarau kichwani. Amekaa ngazi za benki. Saa 6:35 mlinzi amemwondoa. Amesimama kwenye nguzo ya taa. Saa 6:50 amerudi ngazini. 7:05 ameondolewa tena. Amekaa chini, juu ya mfuko wake. Anashona kitu kwa mkono. Saa 7:45 ameacha kushona, ameegemea nguzo, macho kafumba. Saa 8:40 ameondoka kuelekea kituoni. HANA KWAO?"

Hayo ya mwisho ameyaandika kwa herufi kubwa. Mrefu anasema huyu ni mzururaji, na kwamba watu wa namna hiyo ndio wanaokifanya kiwanja kionekane kichafu. Mimi nilibisha, nikamwambia mzururaji gani anashona? Lakini mchoro wetu wa kwanza umemsikiliza yeye zaidi. Mbele ya benki tumepanga maua ya miiba, na ngazi tumezilaza ziwe mteremko. Hapatakuwa na pa kukaa bila sababu. Kumbe hata ukikataza unaweza kukataza kwa kupendeza!

Tumempa mama huyo jina: Mwanamke wa Ngazi. Kumbe kushona kwenu ni ugonjwa, hata barabarani hamwachi.

Wako,
Chiriku


Jumatano, 21 Februari

Chiriku,

Mwambie huyo mwenzako mrefu kwamba urefu wote aliopewa haujamsaidia kuona.

Mwanamke ameshona mbele ya macho yake, ana mfuko wake, anaangalia kituoni, na saa ya basi ilipokaribia akaondoka. Hivyo ndivyo afanyavyo mtu asiye na kwao? Mtu asiye na kwao basi analiwahi la kwenda wapi? Hakujiuliza alikuwa ametoka mlango gani saa sita na dakika ishirini. Hakuvuka barabara kumuuliza, "Mama, unajisikiaje?" Alikuwa na kalamu, akaona inatosha.

Na wewe niliyekulea umemcheka mama huyo, halafu ukaenda kumpandia miiba.

Ngazi hizo hakuna anayezikalia kwa kuzipenda. Ukuta wa upande wa bomba unaunguza hadi saa nane. Benchi lililovunjika liko juani, na limegeuzia mgongo kituo, ukikaa pale basi linakupita huku unatazama ukuta. Ngazi za benki ndizo pekee zenye kivuli saa hiyo. Pamoja na nukta na misalaba yako yote, hilo hukuliona.

Sina zaidi. Mkono unaniuma.

Shangazi yako


Jumapili, 25 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, na unisamehe. Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama stendi, nikalazimika kutafuta pa kukaa, na kama ujuavyo, sikupata.

Hujawahi kunikaripia hivyo tangu siku nilipokata pazia la mteja nikamshonea mwanasesere. Nimekaa nayo siku mbili. Umesema kweli. Maua ya miiba nimeyafuta. Mrefu amenuna, lakini atapona.

Ila, shangazi, jana nimekwenda kuushika ule ukuta wa upande wa bomba. Saa saba na nusu. Unaunguza kweli. Na benchi kweli limegeuzia kituo mgongo, jambo ambalo mimi mwenyewe sikuwa nimeliandika. Wewe umelijuaje?

Na mkono una nini? Mwandiko wako umelegea, mistari inapanda na kushuka. Spika ya simu haijatengenezwa tu? Nimemiss kukusikia ukinikatiza.

Wako,
Chiriku


Jumapili, 3 Machi

Chiriku wangu,

Marahaba. Hasira zimekwisha, nawe zimalize.

Hayo ya ukuta niliambiwa na mteja wangu mmoja ambaye huja huko hospitali. Watu wanaongea sana wakipimwa nguo. Mkono ni mkasi tu, nimekata kitambaa kizito. Spika bado, fundi ananizungusha.

Wiki hii nimechoka kidogo, ndiyo maana barua ni fupi. Wasimamizi wa harusi wamepokea magauni yao. La mmoja limepasuka mgongoni kabla ya picha, na sijasema neno.

Kula.

Shangazi yako


Jumapili, 10 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Leo nina habari mbili.

Ya kwanza: mwalimu ameuona mchoro wetu. Bwawa bado limo, pamoja na kokoto zangu. Aliutazama, halafu akauliza, "Nani anakaa hapa?" Nikajibu, "Wananchi." Akasema, "Wananchi sijawahi kukutana nao. Nitajie mmoja." Nikajikuta nataja Mwanamke wa Ngazi. "Ametoka wapi? Anasubiri nini? Kwa nini haingii ndani?" Nikapekua karatasi za Mrefu. Akanirudishia karatasi: "Basi kamuulize."

Ya pili: Mrefu anasafiri kumwoza dada yake, kwa hiyo Alhamisi hii nitakaa mimi. Tumeangalia karatasi zake: mama yule huja kila baada ya wiki mbili. Alikuja tarehe 15, akaja tarehe 29. Kwa hesabu hiyo Alhamisi hii ni siku yake. Nitamsubiri. Nitamuuliza mambo yote nikiwa na adabu, kisha nitakuandikia, uone kama mwanao hajui kuvuka barabara.

Mwombee asichelewe.

Wako,
Chiriku


Ijumaa, 15 Machi

Shangazi yangu,

Jana hatukuweza kusema yote. Basi lilikuwa linanguruma, kondakta anakwepa kunitazama, na mimi nikalia hadi nikaona aibu mbele za watu. Wacha niseme leo.

Nilikuwa upande wa kituo. Saa sita na dakika ishirini na tano akatokea mwanamke mwenye kitambaa cha zambarau, akitembea taratibu kama anahesabu hatua, akakaa ngazini. Alikuwa ameinama, uso sikuuona. Nikatia nukta. Nikaandika "hamsini na kitu, mwembamba." Shangazi, nilikuandika wewe mwembamba, kama mtu nisiyemjua. Wewe ninayekujua ni mnene wa mabega, unajaza mlango. Nilisubiri mlinzi aje ili nione atafanya nini, maana ndivyo tulivyofundishwa, tusiingilie. Akaja. Nikasikia, "Mama, hapa hapakaliwi." Na mwanamke akajibu, "Baba, ningekuwa na miguu ya kusimama ningesimama bila kuambiwa."

Sauti ile! Nilivuka barabara bila kutazama. Kalamu iko wapi hadi leo sijui.

Na wewe ukaniangalia kana kwamba tumepatana kukutana pale. Ukamwambia mlinzi, "Huyu ni mwanangu, anaandika kila unachosema." Maskini, akavua kofia! Akaniuliza kama mimi ni wa magazeti.

Ningecheka kama nisingekuwa nimekasirika. Nimekasirika bado. Umetolewa uvimbe kwenye ziwa mwezi wa kwanza, umeanza dripu za saratani, unapanda basi saa kumi na moja alfajiri ukiwa peke yako na kurudi peke yako, na mimi nalala dakika kumi kwa miguu kutoka pale! Nikakuuliza kwa nini, ukasema, "Una mitihani." Hilo si jibu. Kama ningekuwa mimi, wewe ungeliita jibu?

Nimezisoma upya barua zako zote. Hakuna mteja. Hakuna mkasi. Wala spika haijafa, sivyo?

Nakupenda. Nimekasirika. Nijibu.

Chiriku


Jumatatu, 18 Machi

Mwanangu,

Spika haijafa. Sauti ndiyo ilikuwa imekwisha. Baada ya dripu nakaa siku tatu sauti yangu ni ya mtu mwingine, na wewe ungeisikia neno la kwanza tu. Karatasi haina sauti, ndiyo maana nikaitaka. Kondakta naye nilimwapisha. Usimlaumu, kila mara ananiachia kiti cha dirishani.

Umeuliza kwa nini. Ulipoletwa kwangu ulikuwa na miaka saba, umetoka kumzika mama yako, na kwa mwaka mzima kila nilipokohoa ulikuja kusimama mlangoni unitazame. Ulisimama tu na vidole mdomoni. Daktari aliponiambia, kitu cha kwanza nilichokiona ni wewe umesimama mlangoni. Nikasema, safari hii hatasimama. Atasoma, atamaliza, nitamweleza nikiwa nimepona. Nilikosea. Lakini nilikosea kwa kukupenda, na sitakuomba radhi kwa nusu hiyo.

Sasa nikwambie na hili. Barua yako ya kusema utanisubiri Alhamisi ilinifikia Jumanne. Nilikuwa na siku mbili za kufikiri. Ningeweza kujibanza kule nyuma ya kituo, au kufunga kitambaa cha rangi nyingine. Nilikifunga kilekile, nikakaa palepale. Nilikuwa nimechoka kukudanganya kuliko nilivyochoka na dripu.

Dripu ni sita, zimebaki mbili. Uje, lakini kwa sharti: uvimbe wangu usiufanye sababu ya kufeli. Na kazi ya mwalimu hujaimaliza. Alikuambia uniulize, ukaishia kulia. Basi niulize kama unavyomuuliza mgeni, nami nakujibu.

Natoka hospitali saa sita. Mle ndani wanatutoa kupisha wagonjwa wa mchana, na basi langu ni saa tisa. Kwa saa tatu nzima niko nje. Nataka kiti chenye pa kuegemea, maana shingo haishiki. Kiwe na pa kushika ubavuni, kwa sababu kukaa si tabu, tabu ni kuinuka. Kisiwe cha chini kama vile vya watoto. Kitazame kituo ili nione basi langu, lakini kisitazame mlango wa hospitali, sitaki kila anayetoka anione nikiwa na mfuko wa kutapikia. Kivuli kiwepo kuanzia saa sita hadi saa tisa, cha asubuhi sina haja nacho. Bomba liwe karibu ili nisukutue. Na viti visiwe vya mtu mmoja mmoja. Siku ile ya tarehe 29 mama mmoja alikaa chini kando yangu, hakuniuliza kitu, akanishikia uzi nikashona. Mtu anahitaji kiti ambacho mwingine naye anaenea.

Umepata vipimo. Sasa kata kitambaa.

Shangazi yako


Jumapili, 28 Aprili

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini hamu ya kula imerudi baada ya dripu ya mwisho. Siku ile nilipokushika mkono kuvuka ukaniambia nakubana kama askari nilijua unapona.

Jana tulisimama mbele ya halmashauri. Nitakwambia mabaya kwanza: hatukushinda. Limeshinda bwawa. Si langu, langu nilishalifukia. La kundi lililopewa kiwanja cha maktaba. Ni bwawa zuri, siwezi kusema uongo. Michoro yao ilikuwa na rangi kama keki.

Sisi tulikuwa na karatasi za nukta na benchi moja. Mrefu ndiye aliyeeleza. Tangu nilipomwambia Mwanamke wa Ngazi ni nani, alikaa siku tatu bila kuniangalia usoni, halafu akaenda mwenyewe kuwauliza watu kiwanjani. Aliwauliza arobaini na mmoja. Thelathini walikuwa wametoka hospitali. Jana akasimama na kuwaonyesha wote ile karatasi yake yenye HANA KWAO. Akasema, "Hili ndilo kosa langu, na kiwanja kimejengwa kwa kosa hilohilo." Anakusalimu, anaomba ruhusa ya kuja kukuomba radhi. Nimemwambia mlango wako ni mfupi, ainame.

Wakatupa nafasi ya pili, tukapigiwa makofi. Tulikuwa tunakunja karatasi zetu ndipo mwanamke mmoja wa nyuma akasimama. Ni muuguzi mkuu wa hospitali. Hakuuliza habari ya mchoro. Akauliza, "Haya mabenchi yanaweza kuwekwa lini?" Mwenyekiti akasema mashindano yamekwisha. Akajibu, "Mimi sishindani. Wagonjwa wangu wanakaa chini." Wakaongea kwa dakika ishirini. Mwisho wamekubali: mabenchi manane marefu, paa la kivuli na bomba, upande wa hospitali tu. Kiwanja kilichobaki kitabaki kilivyo. Benki imekataa kung'oa vyuma vyake.

Ni kidogo, shangazi. Nilitaka kukupa kiwanja kizima.

Wako,
Chiriku


Alhamisi, 19 Septemba

Chiriku wangu,

Marahaba. Natumaini huko kwenye mafunzo ya kazi wanakulisha. Nilikukataza usije leo, na nashukuru kwa mara ya kwanza umenisikia.

Daktari ameangalia picha zote, akazigeuza huku na huku, akasema hakuna kitu. Nikamwambia aseme tena. Akasema tena. Nirudi baada ya miezi sita, kuangaliwa tu. Nimeyaandika haya mwanzoni kwa sababu najua unasoma kwa kuruka mistari.

Nikatoka saa sita. Nilikuwa na hamu ya kukikalia kiti changu. Mwanangu, sikupata nafasi! Mabenchi yote manane yamejaa. Mzee na mkewe, wasichana wawili wanafunzi wa uuguzi wanakula, mwanamke amemlaza mtoto wake, mwanamume mwenye mguu wa plasta amejinyoosha kama yuko kwake. Mlinzi wa benki naye yumo, anakula chakula chake cha mchana, viatu kavua.

Nikasimama chini ya paa, nimeegemea nguzo. Sikuchoka. Nilijaa fahari, miguu ikawa miepesi.

Mama mmoja wa makamo yangu, kajifunga kitambaa kichwani kama nilivyokuwa nimejifunga mimi, akaniona. Akawaambia wenzake, "Sogeeni, jamani." Wakabanana, nikaenea. Tukaongea. Yeye ndiyo kwanza anaanza, dripu ya kwanza. Nikamwambia ya sita hufika. Akaupapasa ule mkono wa benchi, pale pa kushikia, akasema, "Angalau hapa pana pa kukaa."

Nikamuuliza, "Viti hivi wameviweka lini?" Nilitaka tu kusikia atasema nini.

Akanitazama kama mgeni wa mji. "Hivi?" akasema. "Hivi vipo siku zote."

Sikumsahihisha. Tulikaa hadi basi langu likaja.

Shangazi yako